Taa ipi ya baiskeli inifae ninaposhuka Kibosho alfajiri?

Shikamoo Mzee,

Mimi ni kijana wa miaka 34, baba wa watoto watatu, na ninaishi Kibosho, juu ya mji wa Moshi. Kazi yangu ni kukusanya maziwa kwa majirani na kuyapeleka mjini kwa baiskeli, kwa wateja wenye migahawa na vibanda vya chai. Ninaondoka nyumbani saa 10 na nusu alfajiri, kwa sababu mteja wangu wa kwanza huwasha jiko saa 11 na robo na hawezi kunisubiri. Baiskeli yangu ni Phoenix aliyoniachia marehemu baba, yenye breki za vyuma, na kwenye keria ninafunga madumu mawili ya lita 20, moja kila upande. Kushuka kunanichukua kama dakika 40. Jioni ninarudi na madumu matupu pamoja na pumba za ng'ombe, na kwa kuwa mlima ni mkali, ninaisukuma baiskeli kwa miguu karibu saa mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni gizani. Barabara yetu haina taa hata moja. Pande zote mbili ni migomba na kahawa.

Mwezi uliopita nilinunua tochi ambayo boksi lake limeandikwa lumeni 9,000, nikaifunga kwenye usukani kwa mpira wa tyubu. Siku ya kwanza nilifurahi sana, maana ilimulika ukuta wa jirani hadi ukawa kama mchana. Baadaye yalitokea mambo yaliyonichanganya. Bodaboda wanaopanda hunipigia honi kwa hasira, na mmoja alisimama akaniambia kwamba nilikuwa nimempofusha na nusura aingie mtaroni. Chaji nayo hudumu dakika 50 tu hata nikiijaza usiku kucha. Kisha, Jumanne ya wiki iliyopita, tochi ikiwa inawaka kwa nguvu zake zote, niliingia katika shimo lililochimbwa na maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, uliofurika. Dumu moja lilipasuka, lita 20 za maziwa ya watu zikamwagika, na goti langu bado limevimba. Sielewi, Mzee, inawezekanaje taa iwe kali kiasi hicho na shimo nisilione?

Sasa nimeweka akiba ya shilingi 80,000 na nina njia tatu. Fundi wangu anasema nifufue dinamo ya baba, ambayo bado imefungwa kwenye uma wa mbele. Muuzaji mmoja ana taa ya baiskeli ya lumeni 600, lakini ninaona kwamba kutoka 9,000 kwenda 600 ni kurudi nyuma. Kaka yangu, ambaye ni mgumu, yaani mpagazi anayebeba mizigo ya wageni mlimani, yuko tayari kunipa tochi yake ya kichwani bila malipo. Mama watoto ana lake: anasema fedha hiyo ianze kununua taa ya nyuma. Mimi ninaona huo ni upotevu, kwa sababu mwenye kuhitaji kuona njia ni mimi, na nyuma tayari kuna ile rifleta nyekundu iliyokuja na baiskeli. Naomba unishauri.

Mpeleka maziwa,
Kibosho

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa goti, na pole kwa maziwa ya watu, maana najua kwamba hasara ya lita 20 si ya siku moja kwa mtu anayelipwa kwa kikombe. Mimi nimeendesha baiskeli miaka mingi kati ya Ngaramtoni na Arusha mjini, mara nyingi kabla ya jua kuchomoza, na kosa lako nimelifanya: niliinunua namba iliyoandikwa kwenye boksi nikidhani nimenunua mwanga. Nitaanza na lile swali la shimo, kwa sababu ukishalielewa utaweza kuchagua hata nisipokuwapo.

Tochi ya mkononi hutengenezwa ili itoe mwanga wa duara. Ukiifunga kwenye usukani, nusu ya juu ya duara hilo inakwenda angani, kwenye majani ya migomba na machoni mwa yule anayepanda mlima, na nusu ya chini inamwagika karibu na gurudumu lako la mbele. Jicho la mwanadamu hujipima kwa kile kinachong'aa zaidi mbele yake. Lami iliyo mita tatu mbele yako inapong'aa kama ukuta uliopakwa chokaa, mboni hujibana, na kile kilicho mita 20 au 30 mbele, ambako ndiko shimo liliko, kinazama katika giza zito kuliko ambavyo kingezama kama ungekuwa na taa hafifu zaidi. Tena mwanga hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, mwanga unaofika ni robo, umbali ukiwa mara tatu, ni sehemu moja ya tisa. Ndiyo maana taa iliyobuniwa kwa ajili ya barabara haigawi mwanga wake sawasawa kama tochi, bali hupeleka sehemu kubwa mbali na sehemu ndogo karibu, ili lami yote ionekane kwa kiwango kinachokaribiana na jicho lisisumbuke.

Hapo ndipo tofauti kati ya lumeni na luksi inapokuwa na maana kwako. Lumeni, kipimo cha mwanga wote unaotoka kwenye taa, ni maziwa yote yaliyokamuliwa, pamoja na yale yaliyomwagika zizini. Luksi, kipimo cha mwanga unaotua mahali fulani, ni kile kilichoingia katika kikombe ulichokiweka hapo. Wewe unauza vikombe. Ujerumani, ambako sheria inakataza taa ya baiskeli kuwachoma macho wanaokuja mbele, watengenezaji hupima luksi zinazofika barabarani kwa umbali wa mita 10, na taa zao huwa na mwanga uliokatwa kwa juu kama taa za gari zilizoinamishwa. Taa ya namna hiyo yenye lumeni 300 itakuonyesha barabara vizuri kuliko tochi ya duara yenye lumeni 1,000, na bodaboda atakupita salama bila kukuona kama adui.

Kuhusu lumeni 9,000, mwanangu, namba hiyo haikuwa ya kweli, na unaweza kuthibitisha mwenyewe kwa hesabu ya shule ya msingi. Fungua tochi yako, na ninaamini utakuta betri moja ya duara ya aina inayoitwa 18650, yaani yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Betri hiyo ina volti 3.6 hivi, na zilizo bora katika ukubwa huo hubeba mAh 3,500 hivi, yaani ampea-saa 3.5. Za kawaida nzuri ni kati ya 2,500 na 3,000. Volti 3.6 ukizidisha kwa ampea-saa 2.5 unapata wati-saa 9. Taa za LED zilizotengenezwa vizuri hutoa takriban lumeni 100 kwa kila wati. Kutoa lumeni 9,000 kungehitaji wati 90, na betri yako ingekwisha kwa dakika sita huku tochi ikikuunguza kiganja. Yako hudumu dakika 50. Maana yake ni kwamba hata kama betri ina mAh 2,500 kamili, tochi haiwezi kuwa inatoa zaidi ya lumeni 1,000 au 1,100, na kama betri ni hafifu, kama ninavyoshuku, ni kiasi cha 500 tu. Kwa hiyo kuchukua taa ya kweli ya lumeni 600 hakutakuwa kurudi nyuma hata hatua moja.

Ukikutana na betri ya ukubwa huo iliyoandikwa mAh 9,900, usiinunue, kwa kuwa haijatengenezwa bado betri ya 18650 yenye uwezo huo. Njia rahisi ya kuikagua ni mizani. Betri halisi ina uzito wa gramu 45 hadi 50. Nimewahi kuipima moja kwenye mizani ya muuza viungo ikaja na gramu 28, na muuzaji mwenyewe alishangaa kuliko mimi, kwa sababu naye alikuwa ameuziwa.

Sasa tuulize unahitaji mwanga kiasi gani. Jibu halitoki kwenye boksi, linatoka kwenye breki zako. Ukiona shimo, utatumia karibu sekunde moja na nusu kabla vidole havijabana breki, na katika muda huo baiskeli inaendelea kwenda. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa utakuwa umekwenda mita nane bila kupunguza chochote; kisha breki za vyuma zenye mzigo wa kilo 40 nyuma yake zitahitaji mita nyingine nane hivi barabara ikiwa kavu. Jumla ni mita 16. Kwa kilomita 30 kwa saa, mwendo ambao baiskeli yenye madumu inaufikia yenyewe kwenye mteremko wenu bila hata kukanyaga pedali, jumla inafika mita 30. Kwa kilomita 35, inakaribia mita 40. Hapo nimekadiria breki zilizotunzwa na lami kavu. Katika masika, kuanzia Machi hadi Mei, rimu za chuma zikilowa, breki hizo hushika kwa shida sana, na hesabu yote inaharibika. Siku hizo shuka polepole kiasi kwamba utahisi unachelewa, na mwambie mteja wako wa kwanza mapema kwamba miezi hiyo chai itachelewa dakika kumi.

Taa yako, basi, lazima ikuonyeshe shimo kwa umbali mkubwa kuliko ule unaohitaji kusimama. Kwa mteremko wa Kibosho, ukijizuia usizidi kilomita 25 kwa saa, taa ya baiskeli yenye lumeni 400 za kweli na mwanga uliokatwa kwa juu inatosha, na 600 ni nafasi ya ziada kwa usiku wa mvua, wakati lami nyeusi iliyolowa inaumeza mwanga kama shimo la choo. Zaidi ya hapo utakuwa unanunua joto.

Nizipitie zile njia zako tatu. Dinamo ni kifaa ninachokiheshimu, kwa sababu hakina chaji ya kwisha, na taa zake za kisasa za LED ni nzuri mno. Kiwango chake cha kawaida ni volti 6 na wati 3, lakini wati hizo hupatikana ukiwa katika mwendo wa kilomita 15 kwa saa hivi. Wewe unapanda kwa miguu saa mbili kila jioni kwa mwendo wa kilomita nne au tano kwa saa, na katika mwendo huo dinamo ya baba itatoa mwanga wa kigugumizi, na ukisimama kupumzika itazimika kabisa. Tena dinamo ya kusugua tairi, kama hiyo yako, huteleza tairi likilowa matope. Mwambie fundi wako kwamba ushauri wake ungekuwa mzuri kwa mtu anayetoka mashamba ya miwa ya TPC kuja mjini kwenye tambarare, si kwa mtu wa Kibosho. Iache palepale ilipo, ni kumbukumbu ya baba, lakini usiitegemee.

Tochi ya kichwani ya kaka yako ichukue na umshukuru, ila usiifanye taa yako kuu. Wagumu huitumia vizuri mlimani kwa sababu wanatembea kwa miguu na wanatazama hatua mbili au tatu mbele. Kwenye baiskeli ina udhaifu ambao watu wengi hawaufahamu. Shimo usiku hatulioni kwa rangi yake, kwa kuwa lami na shimo vyote ni vyeusi. Tunaliona kwa kivuli cha ukingo wake. Mwanga unapotoka karibu na macho yako, kivuli kinajificha nyuma ya ukingo huohuo ambao unautazama, na barabara yote inaonekana tambarare kama meza. Mwanga unapotoka chini, kwenye usukani au chini zaidi, kila shimo na kila tuta hujichora kwa kivuli kirefu. Vilevile, katika Juni na Julai ukungu unaposhuka mpaka kwenye migomba, huurudisha usoni pako mwanga wa taa iliyo usawa wa macho, na utajikuta umemulika pazia jeupe. Tochi hiyo iwe ya akiba mfukoni: ya kubadilishia tairi lililotoboka, ya kufungulia madumu mlangoni kwa mteja, na ya kukufikisha nyumbani endapo taa kuu itakufa. Kwenye ile safari ya jioni ya miguu unaweza kuivaa kabisa, lakini iinamishe, maana mtu hugeuza kichwa kumwangalia anayekuja na kummulika machoni bila kukusudia.

Kwa hiyo chukua ile taa ya lumeni 600, lakini usiilipie kabla hujaikagua. Mwombe muuzaji afunge mlango au mwingie chumba cha nyuma penye giza, uimulike ukutani ukiwa hatua nne. Unatafuta umbo, si ukali: mwanga uwe mpana na wenye ukingo wa juu ulionyooka, au angalau uwe hafifu sana juu na wenye nguvu chini. Ukiona duara kamili, hata kama limeandikwa jina la baiskeli, hiyo ni tochi iliyovalishwa kishikizo. Iache ikiwaka dakika tano kisha uiguse. Gamba lake linapaswa kuwa na joto, kwa sababu joto la LED lazima litoke nje, na taa ya lumeni 600 ambayo gamba lake limebaki baridi ama haitoi lumeni 600 ama inajipika kwa ndani. Angalia kama betri inatoka, ili uwe na ya pili mfukoni kwa siku ambazo umeme umekatika jioni. Angalia alama ya kuzuia maji: IPX4 inamaanisha inastahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande, na hiyo inakutosha, IPX7 inamaanisha inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa, jambo ambalo sikuombei. Kifuniko cha mpira cha tundu la chaji kiwe kinabana sawasawa, kwa sababu maji mengi huingilia hapo.

Kuna jambo moja dogo ambalo kwangu ni kubwa: kitufe. Taa nyingi za bei nafuu zina kitufe kimoja kinachozunguka kutoka mwanga mkali kwenda wa kati, kwenda mdogo, kwenda kumetameta, kisha kuzima. Nilikuwa nashuka kutoka Ngaramtoni siku moja, gari likaja, nikabonyeza ili nipunguze mwanga kama mstaarabu, kidole kikabonyeza mara mbili zaidi kwa sababu ya mtikisiko, na taa ikazimika nikiwa kwenye mwendo mkali. Sikuanguka, lakini tangu siku hiyo sinunui taa ambayo haitaki kitufe kishikiliwe kwa sekunde moja au mbili ndipo izime.

Kuhusu chaji, safari yako haihitaji nyingi. Dakika 40 za kushuka kwa lumeni 400, na saa mbili za kupanda kwa 150, ambazo kwa mtu anayetembea ni nyingi, hazifiki lumeni 600 kwa saa nzima moja. Betri moja ya kweli ya mAh 2,600 inabeba hizo na kubakiza kidogo, hata ukitoa upotevu wa njiani. Mwanga wa 600 uutumie pale tu ambapo mteremko ni mkali au barabara imelowa. Chaji taa ukiwa macho, mezani au sakafuni, si juu ya godoro wala chini ya mto, na betri iliyovimba au kupondeka usiirudishe kwenye chaja kwa kuihurumia.

Sasa nije kwa mama watoto, ambaye katika barua yako yote ndiye aliyesema jambo la muhimu kuliko wote, na ninakuomba umwambie hivyo kwa kinywa chako. Unaposhuka, shimo ni hatari unayoweza kukabiliana nayo kwa breki na kwa mwendo. Unapopanda usiku kwa miguu, umeipa barabara mgongo kwa saa mbili, na hatari inatoka mahali usipopaona. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa linahitaji karibu mita 50 ili lisimame. Dereva mwenye taa zilizoinamishwa, akikutana na mtu aliyevaa koti jeusi na gunia la pumba, mara nyingi anamwona akiwa amekwishaingia ndani ya mita hizo. Ile rifleta ya baba haitoi mwanga, inarudisha tu mwanga ulioipata. Imefunikwa na vumbi la miaka 20, na zaidi ya hayo, nenda kaitazame sasa hivi ukiwa umefunga madumu: nina hakika huioni.

Hilo ndilo kosa la kawaida la wabeba mizigo wote kuanzia Usa River hadi Himo. Taa ya nyuma hufungwa chini ya kiti kama kwenye baiskeli ya mwanafunzi, kisha mzigo unaiziba. Yako ifungwe kwenye ncha ya mwisho kabisa ya keria, au kwenye madigadi ya nyuma chini ya madumu, na mtu asimame nyuma hatua 30 akuthibitishie kwamba inaonekana pia kutoka pembeni, kwa sababu barabara yenu ina kona. Ziwe mbili kama fedha inaruhusu. Moja iwake mfululizo bila kumetameta, kwa sababu kwenye barabara isiyo na taa nyingine, nukta inayomwekamweka peke yake humfanya dereva ashindwe kukadiria iko umbali gani. Ya pili imetemete ili imshtue aliyesinzia. Rangi iwe nyekundu nyuma na nyeupe au ya manjano mbele. Huo ndio utaratibu ulioandikwa hata katika Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu barabara, na dereva akiona nyekundu anajua bila kufikiri kwamba kitu hicho kinakwenda upande uleule anakokwenda yeye. Zile taa za bluu na kijani zinazozunguka kwenye spoki ni za sherehe.

Ongeza utepe wa kuakisi mwanga, ule mwekundu na mweupe unaobandikwa kwenye malori. Bandika vipande kwenye madumu yenyewe kwa nyuma na ubavuni, kwenye madigadi, na kwenye pedali. Pedali zina faida ya pekee: zinapanda na kushuka, na jicho la dereva hutambua mwendo huo mara moja kuwa ni wa mtu anayekanyaga baiskeli. Jioni unapotembea, pedali hazizunguki, kwa hiyo funga kipande cha utepe kwenye vifundo vya miguu na uvae kizibao cha kuakisi kama kile cha bodaboda, juu ya koti, si ndani yake. Katika zile shilingi 80,000, tenga kwanza robo kwa ajili ya nyuma, yaani taa, utepe na kizibao, kisha kilichobaki ndicho kinunue taa ya mbele. Kama taa ya lumeni 600 inazidi hapo, chukua ya 400 yenye umbo zuri la mwanga, wala usipunguze chochote nyuma.

Kuifunga taa ya mbele ni kazi ya jioni moja. Iweke mbele ya usukani, chini kadiri nafasi inavyoruhusu, ili vivuli vya mashimo viwe virefu. Simamisha baiskeli mita tano kutoka ukutani, mahali tambarare, madumu yakiwa yamejazwa maji, kwa sababu mzigo wa nyuma huinua pua ya baiskeli na taa nayo huinuka. Pima taa iko juu kiasi gani kutoka ardhini, tuseme sentimita 90. Kisha inamishe mpaka katikati ya mwanga mkali pale ukutani iwe nusu ya kimo hicho, yaani sentimita 45. Kwa mpangilio huo katikati ya mwanga itagusa ardhi mita 10 mbele yako, na sehemu yake ya juu itaenda mbali zaidi bila kupanda machoni mwa mtu. Ikiwa taa ina ukingo uliokatwa sawasawa, unaweza kuinua kidogo kidogo, mradi ukingo wenyewe usizidi kimo cha taa. Kaza kishikizo vizuri na uweke kipande cha tyubu ndani yake, kwa maana barabara yenu itakilegeza ndani ya wiki.

Gari likija na taa kali, usilitazame. Hamishia macho kwenye ukingo wa kushoto wa barabara na upunguze mwendo mpaka likupite, kwa sababu jicho lililopigwa na mwanga huchukua muda kurudi kwenye giza, na kwa sekunde kadhaa utakuwa unakwenda bila kuona.

Ile tochi ya lumeni 9,000 ipeleke zizini. Kwa kukamulia alfajiri itakufaa sana.

Kabla ya kubeba maziwa ya watu tena, fanya jaribio moja goti likishapona. Usiku, kwenye kipande cha mteremko unachokijua na magari yakiwa machache, mwombe mama watoto asimame pembeni mwa barabara akiwa na kizibao kile kipya, na alaze jani kavu la mgomba kwenye njia yako bila kukuambia ameliweka wapi. Shuka na madumu yaliyojaa maji. Ukiliona jani, bana breki pale pale kama ambavyo ungefanya kwa shimo. Ukisimama kabla ya kulifikia, mwendo huo ndio wako wa alfajiri. Ukilipita, rudini juu mkajaribu tena polepole zaidi.